Jina Kwenye Fingo

"Jina langu usiliandike hapo! Bernadeta, weka kalamu chini!"

"Mwache mtoto afanye kazi yake, Mwishehe. Wewe ndiye uliyekiona kwanza."

"Na wewe ndiye uliyekishika. Mie sijakigusa hata kwa ukucha."

"Nyapara mzima unaogopa kijungu!"

"Kijungu cha kupikia nisingekiogopa. Hili ni fingo, Albano. Halikukaa chini ya kizingiti kwa bahati mbaya. Kwenu Newala hamna mafingo?"

"Kwetu kuna vyungu vya pombe," baba akasema, "na hivyo ndivyo vinavyoangusha watu."

Vibarua wakacheka. Lakini niliona hakuna hata mmoja aliyesogea karibu.

Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, kalamu mkononi, wino umeanza kukauka kwenye nibu. Mbele yangu, juu ya gunia, palikuwa na kijungu chenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitambaa na chokaa. Mwishehe alikuwa ameinua jiwe la kizingiti kwa mtaimbo, akakiona, akaruka nyuma. Baba ndiye aliyeingiza mikono na kukitoa.

Mwaka ule wa kutawazwa Malkia nilikuwa na miaka kumi na minne. Shuleni kwa masista kila mmoja wetu alipewa kikombe cha bati chenye picha ya taji. Wiki mbili baadaye baba alikuja kunitoa. Mama alikuwa mjamzito na damu ilikuwa ikimtoka, na watoto wawili waliotangulia walikuwa wamekufa kabla hata hawajabatizwa. Alitakiwa alale tu. Mtu wa kuchota maji na kupika nilikuwa mimi. Darasa la sita nilitoka na kile kikombe, na mwandiko mzuri.

Mwandiko ndio ulionipeleka Mikocheni. Kulikuwa na gofu la nyumba ya mawe huko, katikati ya mashamba, na Mwingereza mmoja mwanamke alikuwa akilifukua. Sote tulimwita Memsabu. Baba alikuwa mmoja wa wachimbaji wake. Damu ya mama ilipokoma naye akapata nguvu kidogo, nilikuwa nikipika asubuhi, halafu mchana naenda Mikocheni kuandika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo ulichekechwa, vigae na shanga vikaoshwa kwa mswaki. Mimi niliandika kwa wino, juu ya kila kitu, namba yake na jina la aliyekitoa, ili Memsabu akitaka kujua kilikuwa kimelalaje, ajue wa kumuuliza. Wino ukikauka nilipaka vanishi juu yake. Baada ya hapo haufutiki kwa maji.

"Jina la nani?" Memsabu aliuliza kutoka kwenye hema. "Upesi, jua linakwisha."

Baba akanitazama. Alikuwa na furaha wiki ile, furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume baada ya kuzika wawili. Akainama, akaninong'oneza sikioni.

"Andika jina langu jipya. Baba Anselmo."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina lile. Mdogo wangu alikuwa na siku kumi na mbili na mama alikataa katakata aitwe kwa jina lolote mpaka Jumapili ya ubatizo. "Wale wawili niliwasemasema mapema," alikuwa akisema. "Huyu simtaji." Walijua wao wawili tu, na sasa mimi.

Pale kwenye kijungu palipokuwa laini palikuwa padogo, upana wa kidole gumba. Jina la baba mwenyewe, Albano, nisingeweza kuliandika. Mtoto hamtaji baba yake kwa jina lake kama anayemwita mwenzake, na kuliandika niliona ni kulitaja. Siku zote kwenye vigae vyake nilichora msalaba mdogo na Memsabu alielewa. Lakini leo baba alikuwa ametaka jina. Nikaandika 214. Chini yake nikaandika neno moja, lililotosha.

Anselmo.

Nilijua ninamaanisha baba. Nikapaka vanishi.

Mwishehe alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakujua kusoma. "Umeandika la nani?" aliuliza.

"La baba."

Akatema mate pembeni. "Haya. Mmeshalipa jina."

*

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi Mwananyamala nilipokumbuka kikombe. Nilikuwa nakitumia kuoshea nibu, na mama alikuwa akinywea uji wake humo humo. Baba alikuwa ametangulia. Nikageuka.

Jua lilikuwa limezama, lakini mwanga ulikuwepo. Vibarua walikuwa wameondoka. Memsabu naye alikuwa ameondoka na gari lake, na sanduku la bati lenye kijungu lilikuwa ndani ya hema, limefungwa. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, mwingine mimi.

Kikombe kilikuwa pale pale juu ya gunia. Nikakiokota.

Ko.

Nikasimama.

Ko. Ko. Ko.

Mtu alikuwa akitembea na mitalawanda, vile viatu vya mti walivyovaa mabibi wa zamani ndani ya nyumba zao. Sauti ya mti juu ya sakafu ngumu. Ilitoka upande wa gofu, chumba cha ndani.

Lakini sakafu haikuwepo. Tuliibomoa sisi wenyewe wiki iliyopita, chokaa yote tukaitoa kwa karai. Ndani ya kuta zile kulikuwa na mchanga mtupu.

Ko. Ko.

Halafu ikaja harufu. Udi... na chini ya udi, harufu ya chokaa mbichi, kama nyumba iliyopakwa leo. Nyayo zikafika pale kizingiti kilipokuwa. Zikatulia.

Sauti ya mwanamke ikaita. Haikuwa kali. Iliita kama mama anavyomwita mwanawe aache mchezo aje ndani.

"Anselmo... Anselmo, rudi nyumbani. Kiza kinaingia."

Sikumbuki nilivyofika Mwananyamala.

*

Sikusema. Niseme nini? Kwamba nimetoa siri ya mama nikaiandika kwa wino?

Kesho yake mtoto hakunyonya. Mama alimpa ziwa la kulia, la kushoto, akakataa yote mawili. Hakulia. Alilala macho wazi, shingo ameipinda kuelekea mlangoni. Mchana kutwa ukimgeuza, anageuka tena taratibu kama ua linalofuata jua. Mtoto wa siku kumi na tatu hana nguvu ya shingo namna ile.

"Miguu yake ya baridi," mama alisema. "Bernadeta, shika. Au mimi ndiye naona hivyo?"

Nikashika. Ilikuwa kama jiwe lililotolewa ardhini. Nikamfungua kiganja. Ndani yake, kwenye mikunjo midogo, kulikuwa na unga mweupe.

Nikanusa. Chokaa.

"Ni nini hicho?"

"Unga wa muhogo, mama."

Magharibi ilipoingia tulikuwa sote watatu ndani, mtoto wa nne. Baba alikuwa akichonga mpini wa jembe. Nje ya nyumba yetu palikuwa na mchanga laini kiasi kwamba hata mbuzi akipita humsikii.

Ko. Ko. Ko.

Baba akaacha kuchonga.

Ko.

"Hodi."

Mama, kama ilivyo kawaida ya mwenye nyumba, akafungua mdomo kujibu. Nikamrukia na kumziba kwa mkono wangu. Sijawahi kumfanyia mama yangu kitu kama kile.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema nyuma ya mlango, kwa upole. "Nimemfuata Anselmo. Chumba chake tayari."

Mtoto akatabasamu.

Tulikaa hivyo, mkono wangu mdomoni mwa mama, mpaka nyayo zikaondoka. Mama akautoa mkono wangu polepole. Hakunitazama mimi. Alimtazama baba.

"Nani amelijua jina la mwanangu?"

Baba akaweka patasi chini. "Nilimwambia Bernadeta tu."

"Na Bernadeta?"

Nikapiga magoti, nikasema yote. Mama hakunipiga. Alimkumbatia mtoto kifuani na kuanza kuyumba, mbele na nyuma, na midomo yake ilikuwa ikisema tu, "Wa tatu. Wa tatu. Wa tatu."

*

Asubuhi baba na mimi tulikwenda kwa Mwishehe kabla ya kazi. Alikuwa akinywa kahawa kwenye baraza yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akamwaga kahawa iliyobaki.

"Nilisema kalamu iwekwe chini."

"Shikamoo, baba mkubwa," nilisema, maana hofu ilinisahaulisha.

"Marahaba. Salamu sasa ndio unaikumbuka!" Akamgeukia baba. "Sikiliza, Albano. Fingo ni mlinzi. Watu wa kale wakijenga, hulizika mlangoni, na kabla ya kulifunika, mwenye nyumba hulinong'oneza jina lake. Basi. Likishapewa jina linamjua mtu wake. Mtu wake akiwa nje, linamrudisha ndani. Hilo mlilolitoa, wenye jina lao walikufa zamani. Lilikuwa tupu. Mkaja nyie mkalijaza."

"Na huyo mwanamke?"

"Sijui. Wengine husema ndiye bibi wa nyumba ile. Wengine husema ndilo lenyewe, linatembea kwa miguu ya aliyelizika. Mie sijamuona na sitaki."

"Nitalifuta jina," nikasema. "Kwa wembe."

"Ukilifuta ukaliacha tupu, litashika jina la mwisho lililokuwemo. Halikubali kukaa bila mtu. Lipewe jina jingine." Akaweka kikombe chini. "La mtu anayelitoa mwenyewe. Na afanye leo. Limeshapiga hodi moja. Hodi zikitimia tatu, mwenyeji hujibu hata kama mmemziba mdomo, na likijibiwa huingia kumchukua mtu wake."

Baba alicheka, kicheko kifupi kisicho na kitu ndani.

"Jina linalofaa lipo. Lilitakiwa liandikwe tangu juzi." Aliniwekea mkono begani. "Mie sijui kuandika, mwanangu. Ungekuwa mkono wangu unajua, nisingekutuma. Jioni Memsabu akiondoka, fungua sanduku. Andika Albano. Mimi nitabaki nyumbani nishike mlango."

"Baba, siwezi kuandika jina lako."

"Leo nimekuruhusu."

*

Jua lilipogusa minazi nilikuwa ndani ya hema. Nilifungua sanduku. Nikatoa kijungu, nikakiweka mapajani, nikatoa wembe ndani ya kitambaa.

Vanishi ilikuwa imekauka vizuri. Nilikuwa nimeifanya kazi ile kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa. Nikakwangua. Herufi zikaanza kuondoka moja moja, unga mweusi ukaanguka kwenye gauni langu.

Ko.

Mbali, upande wa kuta.

Nikakwangua haraka. Wembe ukanikata kidole. Damu ikapita juu ya namba.

Ko. Ko.

Jina likaisha. Palibaki doa la udongo mpya, jekundu, tupu. Na hapo kijungu kikapata joto mapajani mwangu, joto la kifua cha mtu aliyelala. Ndani yake, nyuma ya kitambaa na chokaa, kitu kikasema kwa kunong'ona:

"Nani?"

Nikachovya kalamu.

Udi ulijaa hema. Turubai nyuma yangu lilisogea kidogo, kama mtu ameegemea kwa nje.

"Nani?"

Nataka niseme ukweli hapa. Sikuwa shujaa. Nilitaka kuandika la baba. Niliweka nibu pale pale. Nikamuona baba ananyanyuka pale alipoketi na mpini wake wa jembe, anafungua mlango, anatoka. Nikaona mama na mtoto mchanga na mimi, na mlango ukiyumba. Wa kutulisha nani? Wa kutuzika nani? Na mimi nilikuwa nimeshatolewa mahali pamoja, darasa zima la wenzangu likaendelea kusoma bila mimi, na mlango ukafungwa vizuri tu. Ndivyo nilivyowaza. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Nikaandika.

Nyayo zikasimama. Joto likatoka kwenye kijungu. Na ile sauti, karibu sana na shingo yangu, ikasoma jina langu. Ililisoma taratibu, kama Sista alivyokuwa akisoma daftari la mahudhurio asubuhi.

"Bernadeta."

Mungu anisamehe. Ulimi wangu uliinuka wenyewe. Miaka sita nilikuwa nikijibu sauti ya namna ile, nimesimama wima kando ya dawati. *Nipo, Sista.* Nilikuwa na hamu ya kuitwa tena, hamu niliyokuwa nimeificha hata kwangu mwenyewe. Nikang'ata ulimi mpaka mdomo ukajaa chumvi.

Nikapaka vanishi. Nikafunga sanduku.

Nyumbani, nilisikia kilio cha mtoto kabla sijafika uani. Kilio kikubwa, cha njaa, cha hasira. Mama alikuwa akicheka na kulia, ziwa nje. Baba alikuwa bado ameshika mlango.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nimeandika, baba."

Hakuuliza nini.

*

Jumapili alibatizwa. Mwezi uliofuata Memsabu alifungasha vitu vyake vyote kwenye makasha yenye nyasi kavu na kuvipeleka kwao kwa meli. Nilikisaidia kijungu kuingia kashani mimi mwenyewe. Shimo likafukiwa. Nilidhani bahari itakuwa kizingiti kikubwa cha kutosha.

Imepita miaka mitatu. Baba hajui hadi leo. Kila magharibi huketi mlangoni na rozari yake, akisubiri kuitwa. Muda ukipita hunyanyuka, anajikung'uta na kusema kwa mzaha, "Leo pia hawakunitaka." Mama humkemea. Mimi huenda jikoni, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Mwaka wa kwanza na wa pili, kimya. Masika haya niliisikia. Ilikuwa mbali, upande wa kisimani. Mitalawanda, polepole, kama mtu aliyechoka kwa safari ndefu. Wiki mbili baadaye, kwenye njia ya makaburini. Halafu nyuma ya ua wa jirani. Nilitaka kwenda kumuuliza Mwishehe kama hodi zile zinahesabiwa upya, lakini Mwishehe alikuwa ameshaugua, na hakupona.

Jana ilikuwa arobaini yake. Baba alikwenda. Mama alikuwa kwa jirani kuomba moto. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kukaa na rozari. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nakunja nguo.

Anselmo alikuwa sebuleni. Ni mtoto mzuri, Anselmo. Mnene, mcheshi, ana adabu kuliko umri wake. Mama amemfundisha kupokea wageni, na wakubwa wote wanamsifu kwa hilo.

Kwanza ilikuja harufu. Udi... na chokaa mbichi.

Nguo zikanidondoka.

Ko. Ko. Ko.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke, kwa upole, nje ya mlango wetu. "Hodi wenyewe. Bernadeta yupo?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilikimbia, mkono umenyooshwa, kama nilivyowahi kumziba mama mdomo. Lakini miguu midogo ilikuwa imeshatangulia. Nilisikia komeo likivutwa. Na nilimsikia mdogo wangu, kwa sauti yake safi, akisema kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, bibi. Dada yupo. Karibu ndani."